Hisa ya Bernadette Iliyozikwa Kailo

Siku hiyo Clémentine Feza aliunguza mikate karai zima, yeye ambaye mtaa wote wa Kasuku unamjua kwa mikate isiyoungua. Kosa lilikuwa la redio. Msomaji alikuwa kwenye matangazo ya asubuhi, na baada ya mbuzi aliyepotea na cheti cha shule kilichookotwa barabarani, akasema: wenye hisa wote wa mashini ya mpunga ya Tujikaze, pamoja na warithi wa wale waliofariki, wafike Jumamosi saa nne asubuhi, orodha isomwe na kufungwa. Akataja majina manane. La mama yake halikuwamo.

"Na Bernadette je?" Clémentine akaiuliza redio, mwiko mkononi.

Redio haina adabu ya kujibu. Ikaingia kwenye muziki. Clémentine aliepua karai, akamwachia jirani meza yake, akafunga kitambaa upya, akashika njia ya soko. Alikwenda kwa ule mwendo wa mtu mzima anayekimbia huku akijifanya anatembea. Mama yake alikuwa amefariki miezi minne tu. Watu wamekwisha kumfuta? Hapana, si Clémentine akiwa hai.

Papa Soudi, rais wa wenye hisa, alikuwa dukani kwake kati ya magunia ya chumvi na masanduku ya sabuni. Ni mzee wa kofia nyeupe na maneno machache, na ndiye peke yake kati ya wale wa mwanzo aliye bado na meno ya mbele.

"Jambo, papa."

"Jambo sana, mama. Keti."

"Sitakaa. Nimesikia redio. Mama yangu alikosa nini?"

"Hakukosa kitu," Papa Soudi akasema polepole. "Lakini unajua masikilizano yetu ya wakati ya vita. Chuma juu ya meza. Asiyeweka chuma, aksyo yake, ile hisa, imekufa."

Clémentine aliyajua. Nani wa umri wake hakuyajua? Miaka minne kabla ya vita, watu tisa wa Kindu walichanga magunia yao ya mpunga, wakauza, wakanunua mashini ya kukoboa. Wanane wanaume, mmoja mwanamke: Bernadette Kibibi, mke wa mfanyakazi wa reli. Siku ya mkutano wa kwanza wengine walidhani ameleta chai. Akaweka magunia yake chini, akaketi kwenye kiti cha mbele, na chai wakajitilia wenyewe.

Halafu mwaka tisini na nane vita vikafika. Mashini za watu zilikuwa zinang'olewa mchana kweupe, zinapakiwa, zinakwenda kusikojulikana. Wale tisa wakakutana bandani, wakashika spana, wakaifungua mashini yao wenyewe kabla ya wezi. Kila mtu akapewa kipande kimoja akakifiche, asimwambie mwenzake wapi. Vita vikiisha, atakayerudisha kipande ndiye mwenye hisa. Daftari la majina liliungua pamoja na nyumba ya katibu, kwa hiyo chuma ndicho kikawa daftari. Wengine walikimbia, wengine wakafa, banda likakaliwa na watu wa bunduki, kisha likakaliwa na kesi. Mwaka huu ndio limerudi mikononi mwao, na vipande vinane vimerudi kutoka visimani, darini na chini ya vitanda.

"Kinakosa kipande cha mama yako tu, pompu ya mazutu, ile inayosukuma dizeli," Papa Soudi akaendelea. "Nilimuuliza mara nyingi. Alinyamaza mpaka kufa. Sasa iko mufanyabiashara moja, analeta pompu mupya kutoka Goma, na anataka aksyo ya tisa. Jumamosi tutamupa. Nitafanya namna gani?"

Clémentine alivuta pumzi.

"Papa, chuma iko."

"Iko wapi?"

"Iko... njiani."

Akatoka kabla mzee hajauliza njia gani. Clémentine alijua chuma kile kiko wapi, na mahali penyewe hapasemeki mbele ya watu. Kilikuwa kaburini Kailo, kwenye kaburi la mdogo wake Elie.

Mama yake alimwambia wiki ya mwisho, akiwa hana nguvu hata ya kushika kikombe. Vita vilipoingia, Clémentine alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, yuko Obokote kwa bibi yake, na njia zote zimefungwa. Baba alikuwa ameondoka na gari moshi la mwisho kuelekea Kibombo, na hakurudi tena. Bernadette akabaki peke yake na pompu ya mazutu. Akaipaka mafuta mazito, akaifunga ndani ya mpira wa gurudumu, akaizungushia nguo, akaibeba mgongoni kwa kikwembe kama mtoto mchanga. Akavuka mto hadi Alunguli, akaungana na wakimbizi wa njia ya Kailo. Alikusudia kuchepuka porini aizike chini ya mti anaoujua mwenyewe.

Lakini kwenye kizuizi cha kwanza wenye bunduki walimuuliza amebeba nini. Akasema: mtoto, anaumwa surua, msimguse. Wakamwacha apite. Wakimbizi wenzake walisikia, na hapo ndipo uongo ulipomtangulia mwenye nao. Siku ya kwanza mtoto hakulia. Siku ya pili hakulia. Walipofika Kailo, wanawake walitazamana, wakatazama mgongo wa Bernadette, wakaelewa walivyoelewa: maskini, amebeba maiti na hataki kukubali. Mmoja akaanza kulia, wote wakapokea. Bernadette angesema nini? Njia nzima ilikuwa na masikio, na chuma cha mashini siku zile kilitosha kumuua mtu. Wakamwuliza jina la mtoto. Akasema Elie. Akakataa wasimwoshe kwa ajili ya surua, wakachimba, wakazika, wakamkalia matanga siku tatu. Mwanamke kijana aitwaye Salama, mwenye ua ule, ndiye aliyempa mkeka wake na kuchinja kuku zake kulisha waombolezaji.

Habari ilifika Obokote kwa midomo ya watu: mama yako alizaa, na mtoto amekufa. Clémentine akalia. Vita viliisha, akarudi kwa mama yake, na mama hakusahihisha neno, kwa sababu mtu hachezei machozi ya watu halafu akasimama kuyasimulia. Kwa hiyo Clémentine alimwombea Elie rozari kila mwezi wa kumi na moja, miaka ishirini na zaidi. Aliiombea pompu ya mazutu pumziko la milele! Alipoambiwa ukweli kando ya kitanda alitaka kucheka na kupiga kelele kwa pamoja. Mama akamshika mkono, akasema: "Umutoe ule mutoto. Yeye njo aksyo yangu. Walisema nilikuwa napika tu."

Sasa Jumamosi ilikuwa inakuja. Clémentine alitaka jina lile lisomwe mbele ya wanaume wote. Faida ya mashini ilikuwa sehemu moja ya tisa ya kitu ambacho hakijaanza hata kunguruma, na haikumwingia akilini.

Alhamisi alfajiri alivuka mto, akamchukua Djo. Djo ana miaka arobaini, watoto sita, pikipiki moja, na mdomo unaokwenda kasi kuliko pikipiki. Clémentine alimweleza yote njiani kwa sababu hakuweza kujizuia, na Djo nusura awaangushe kwenye tope kwa kicheko.

"Mama Clémentine, minabeba bantu kila siku, lakini kwenda kufufua chuma, hii njo ya kwanza!"

Mvua iliwazuia saa tatu chini ya bati la shule. Walifika Kailo jua limekwisha kulala upande mmoja. Salama aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa mama wa miaka hamsini sasa, Mwislamu wa ushungi wa buluu, na aliposikia jina la Bernadette akaanza kumkumbatia Clémentine upya.

"Mutoto ya Bernadette! Miaka yote hii! Kuja, kuja kwanza umuone mudogo yako."

Akamvuta hadi nyuma ya nyumba. Clémentine alitegemea kuona majani marefu. Aliona makaburi mawili madogo, yamezungushiwa mawe, yamefagiliwa asubuhi ile ile.

"Huyu njo Elie," Salama akasema. "Na huyu njo wangu, Yusufu. Alikufa katikati ya vita, hajatembea bado. Nilimulaza hapa ili bakae bawili."

Ile furaha yote ya njiani ikamwishia Clémentine. Alitamani kupanda pikipiki na kurudi. Lakini amekuja kusema, akasema, amesimama palepale, bila kupamba: mtoto hakuwako, kilichozikwa ni chuma, mama aliogopa, kisha akaona haya. Akaeleza na masikilizano ya wale tisa, kwamba atakayeweka chuma mezani ndiye mwenye hisa. Akaomba msamaha. Akaomba jembe.

Salama aliingia ndani, akafunga mlango.

"Tumekwisha," Djo akanong'ona.

Walilala kwa jirani. Ijumaa asubuhi Salama alitoka na mkeka, akautandika katikati ya ua. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imenyooka.

"Mama yako nilimulilia siku tatu," akasema. "Kuku zangu ziliisha. Mutoto wangu alipokufa, niliangalia barabara. Nilisema Bernadette atasikia, atakuja, maana kilio kinarudishwa na kilio. Hakukuja. Sasa nimejua alikuwa na haya. Lakini haya yake haikunipanguza machozi. Unataka chuma? Keti hapa. Umulilie mutoto wangu, matanga ya kweli, mpaka jua iingie. Kesho asubuhi utachimba."

"Kesho njo Jumamosi!" Djo akaruka. "Mama, tukitoka hapa kesho, saa nne hatufiki! Nchi imeloa yote!"

Clémentine alipiga hesabu ya njia kichwani, na hesabu ilikataa. Akamtazama Salama. Chelewachelewa, utakuta mwana si wako. Alilijua neno hilo tangu utoto. Lakini mama yake alikula kuku wa mwanamke huyu, akaondoka bila kuaga, na aksyo gani ingesomwa kwa jina lake huku deni hilo liko wazi? Akavua viatu, akaketi mkekani.

Wanawake walikuja mmoja mmoja, kisha makundi. Machozi hayaji kwa kuamriwa, na saa nzima Clémentine alikaa mkavu, akiona aibu ya ukavu wake. Halafu Salama akaanza kueleza Yusufu alikuwaje: alivyokuwa anacheka usingizini, alivyokuwa hapendi kofia. Clémentine akamfikiria mama yake akitembea barabarani peke yake na uzito ule mgongoni, hana wa kumwambia, na pale mkekani akalia kwa namna ambayo hakulia hata siku ya kumzika. Ua wote ukapokea.

Mchana, kama ilivyo desturi ya matanga yoyote mazuri, utani uliingia. Habari ya chuma ilikuwa imekwisha kuzunguka kijiji. Bibi mmoja asiye na meno akapiga paja lake.

"Mimi nilisema! Siku ile nilisema, ule mutoto ni muzito! Mukaniambia ninyamaze!"

Kicheko kilianzia kwake kikaenda hadi barabarani. Hata Salama alicheka, ameshika tumbo, machozi yakiwa bado mashavuni. Mkuu wa kijiji, aliyekuja kwa hasira kuuliza kaburi gani linafukuliwa bila yeye, alielezwa mara mbili, akakaa chini kwa kucheka, na ruhusa ikapatikana hapohapo.

Jumamosi, mara tu mwanga ulipotosha kuona jembe, kijiji kizima kilikuwa nyuma ya nyumba. Clémentine alichimba mwenyewe. Udongo ulikuwa laini kwa mvua. Jembe likagonga kitu, akalitupa, akaendelea kwa mikono. Nguo ilikuwa imeoza yote, lakini mpira haukuwa umepasuka. Djo akakata kamba kwa kisu. Ndani, pompu ya mazutu ilikuwa inang'aa kwa mafuta yale yale ambayo Bernadette aliipaka kwa vidole vyake.

Vigelegele vilipanda. "Amefufuka!" mtu akapiga kelele. Clémentine alikuwa anaruka na tope hadi magotini, anamkumbatia kila aliye karibu, hata mkuu wa kijiji.

Salama peke yake hakupiga kigelegele. Alifukia shimo, akayahamisha mawe yote yazunguke kaburi lililobaki, akanawa. Kisha akaiokota pompu, akaifunga mgongoni kwa kikwembe chake.

"Nakwenda na ninyi," akasema. "Nimemulinda miaka yote. Nitamufikisha mwenyewe."

Hapo ndipo Clémentine alipokumbuka alichomweleza kwa mdomo wake mwenyewe: atakayeweka chuma mezani ndiye mwenye hisa. Angemnyang'anya? Mbele ya kijiji, baada ya matanga ya jana? Wakapanda watatu, Salama nyuma kabisa.

Djo aliendesha siku ile kama aliyeahidiwa pepo. Walivuka madaraja ya magogo bila kushuka, waliruka mashimo, walichafuka hata meno. Clémentine alikuwa anapiga kelele "Songa! Songa, Djo!" na katikati ya kila kelele aliuhisi mgongo wa Djo mbele na hofu nyuma. Alunguli walifika saa nne kamili. Mtumbwi wa mota ulikuwa unaondoka. Djo akapiga mluzi, ukarudi. Saa nne na nusu walikuwa wanapanda mteremko wa Kasuku kwa miguu, mama wawili wa tope, watu wakiwapisha.

Banda lilikuwa limejaa. Vipande vinane vilipangwa juu ya meza ndefu, na kila jina lilipoitwa, mwenyewe au mrithi aliitikia "Iko", likaandikwa. Pembeni alisimama yule mfanyabiashara, pompu yake mpya ndani ya katoni. Papa Soudi alikuwa anasoma kwa uvivu wa ajabu, kila jina akisimama kufuta miwani, hata watu wameanza kunung'unika. Alikuwa kwenye la nane. Alipowaona mlangoni, miwani ikawa safi ghafla.

Salama alipita mbele ya Clémentine. Hakusukuma, hakuomba njia. Akafungua kikwembe, akaweka chuma juu ya meza, na meza ikalia.

Fundi wa mashini akainama, akafuta mafuta kwa kidole gumba, akasoma namba, akaifananisha na ile ya injini.

"Njo yenyewe," akasema.

"Na huyu mama ni nani?" mfanyabiashara akauliza kwa ukali.

"Hii chuma inaletwa na nani?" Papa Soudi akauliza.

"Na mimi," Salama akajibu.

Salama alimtazama Clémentine, akamtazama mzee.

"Papa, bale bengine uliita jina ya mwenyewe," akasema. "Na mwenyewe ya hii chuma, ita."

Papa Soudi akasimama wima. "Bernadette Kibibi!"

Clémentine alifungua kinywa kuitikia, na sauti haikutoka. Tangu mazishi hakuna aliyemwita mama yake namna ile, kwa nguvu, kama mtu anayetegemewa kujibu. Alisimama midomo wazi, machozi yanachora njia kwenye tope la uso.

"Bernadette Kibibi!" mara ya pili.

Mfanyabiashara akaanza kufungua katoni yake. Wazee wakatazamana, maana mara ya tatu ni ya mwisho.

"Bernadette Kibibi!"

"Iko!" Salama akaitikia, kwa sauti iliyofika hadi barabarani. "Andika, papa. Iko hapa."

Papa Soudi akaketi, akaandika jina zima, polepole, chini ya yale manane ya wanaume.